Ndizi Nilizonunua Jumanne

Sakina, Jumamosi jioni

Mwanangu Elisante,

Mmetoka wewe na mama yako na mkeo Hepi kwenda kuaga kwa wakwe zako kule Sokon One, nyumba imetulia, na mimi nimekaa kwenye meza ya chakula nikiwa bado na hasira zangu za asubuhi. Nimeona nikuandikie kabla hazijapoa. Zikipoa nitaanza kukuonea huruma, nikuandikie mambo ya kusali, kuvaa sweta na kulala na chandarua, ambayo mama yako ameshayasema tangu Jumatatu na mengine ameyasema mara mbili.

Hasira zenyewe ni za Tengeru. Nilikupeleka sokoni makusudi, wala sikuwa na shida ya karoti kama nilivyodai. Nilitaka nione kwa macho yangu, mara moja kabla hujaondoka, kama mtoto wangu anaweza kununua chakula. Nimeona, na sijui nianzie wapi.

Umeingia sokoni na simu mkononi. Umesimama kwenye fungu la nyanya lililo karibu kabisa na barabara, ukasema, "Mama, nipe hizo." Hizo zipi? Fungu lilikuwa limepangwa na mtu anayeijua kazi yake, nne nyekundu zinang'aa juu, na chini zimejificha zile zilizobaki tangu Jumatano. Hukuligeuza wala hukuuliza. Mama wa watu alikutazama usoni mara mbili, nadhani alikuwa anangoja ubishe kidogo ili na yeye siku yake iende, lakini wewe ulikuwa unajibu meseji. Akamimina kwenye mfuko, ukamshukuru. Nilikuwa nyuma yako hatua mbili nimeuma ulimi. Nyanya hizo nimezifungua sasa hivi, na tano nimezitupa.

Halafu parachichi. Huu ndio msimu wake, milima yote imejaa, hata mtu aliyefumba macho anapata zuri. Wewe ukaanza kuyabonyeza kwa kidole gumba kama mtu anayetafuta swichi gizani. Umebonyeza kumi na moja ukanunua mawili. Yale tisa kesho yatakuwa na madoa meusi, atakayeyala atamlaani muuzaji, na wewe utakuwa kwenye basi huna habari. Parachichi halibonyezwi, Elisante. Linashikwa kiganjani, linatikiswa taratibu sikioni, anaulizwa mwenye nalo limechumwa lini na litalika lini. Yeye anajua, ndiye aliyelala nalo.

Halafu ukaulizia maembe, mwezi wa sita. Umezaliwa hapa, umesomea hapa, umekula maembe ya kila Krismasi tangu uote meno, na hujawahi hata siku moja kujiuliza kwa nini ni Krismasi. Yule dada uliyemuuliza alicheka mpaka akashika kiuno. Na wewe ukacheka naye, jambo lililonimaliza kabisa.

Tukiwa njiani kurudi nilikuuliza, kwa upole wote niliokuwa nao, utafanyaje huko Singida mnakohamia. Ukanijibu, "Baba, siku hizi mtu hahangaiki hivyo. Unatuma meseji tu, boda anakuletea mlangoni."

"Na anayechagua ni nani?"

"Si huyohuyo boda."

Nikakaza macho barabarani mpaka tunaingia getini. Hepi alikuwa amekaa nasi mbele kwenye pikapu, na kuna maneno baba mtu hayasemi mkwewe akisikia.

Najua unavyoniona. Mzee amestaafu gereji, hana gari la kugombeza, sasa anagombeza nyanya. Sawa. Lakini nisikilize, maana hili si la nyanya.

Mke wako ana mimba ya miezi saba. Kwetu, na wewe umeliona kwa shangazi zako wote, mwanamke akijifungua anakaa ndani miezi mitatu. Hapiki, hafui, habebi ndoo. Kazi yake ni kunyonyesha na kulala, na kazi ya wengine ni kumlisha. Mtori asubuhi, mtori jioni, katikati supu. Vijana wenzako wanasema ni mambo ya kizamani, na wengine wanamletea mzazi chipsi. Hepi hakusema hivyo. Alikaa jikoni na mama yako siku mbili, akaandika mtori kwenye daftari hatua kwa hatua, nyama kilo ngapi, ndizi zinaingia lini, zinapondwa na nini. Anautaka uzazi wa kwetu, ingawa yeye si wa kwetu, na mimi jambo hilo lilinigusa sana.

Kwa kawaida bibi anakuja kuhudumia. Lakini mama yako anasubiri kupasuliwa goti, hawezi kukaa kwenye basi kutwa nzima. Mama yake Hepi anamuuguza mama yake mzazi. Ndiyo maana nilimwambia Hepi abaki hapa Sakina ajifungulie kwetu, wewe utangulie kwenye shule uliyopangiwa. Alinijibu kwa adabu zake zote, "Hapana, baba. Nataka mtoto amkute baba yake nyumbani." Nilitoka nje nikajifanya nakagua tairi la pikapu.

Kwa hiyo baada ya miezi miwili Hepi atakuwa ndani, katika mji ambao hatuna ndugu hata mmoja, na kila kitakachoingia tumboni mwake na kutoka kama maziwa ya mjukuu wangu kitakuwa ni kile ulichokichagua wewe. Wewe wa maembe mwezi wa sita.

Sasa kuna jambo hatujawahi kukwambia. Mama yako alitaka uambiwe siku nyingi, mimi ndiye niliyekuwa nasema bado, na una miaka ishirini na saba.

Unajua kwamba ulipokuwa mchanga ulikaa Machame kwa bibi yako, mzaa mama. Picha unazijua, wewe na mama yako na bibi mmesimama mbele ya migomba, wewe umefungwa shuka kama mkate. Hujawahi kuuliza mimi niko wapi kwenye zile picha. Labda ulidhani ndiye niliyekuwa nazipiga.

Ulizaliwa hapa mjini mwezi wa pili, kiangazi kikali. Nilikuwa fundi kijana kwenye gereji ya mtu, hapahapa barabara ya Nairobi. Magari nilikuwa nayajua. Gari likipita nje ningeweza kukwambia linaumwa wapi bila kuinua kichwa, na hilo lilinipa kiburi cha kudhani kila kitu kingine duniani ni chepesi kuliko gari. Bibi yako alitakiwa aje kumhudumia mama yako, lakini babu yako aliugua siku zilezile, ikabidi achelewe. Akanitumia ujumbe kwa dereva wa basi: niende Tengeru mwenyewe, siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, nitafute mshare, zile ndizi za mtori, zilizokomaa vizuri, na nisinunue barabarani. Hayo tu, hata mtoto wa darasa la pili angeyafuata.

Jumatano nikaenda, na ovaroli yangu imejaa oili. Upande wa ndizi ulikuwa wa wanawake watupu. Wanaume waliokuwepo walikuwa wanashusha mizigo, hakuna aliyekuja kununua, na mimi nikajiona nimesimama katikati ya jiko la watu. Nikaenda kwa mama mmoja wa Kimeru, mtu mzima kidogo, baadaye nilikuja kujua anaitwa Mama Anaeli. Nikamwonyesha mkungu mkubwa kuliko yote nikamwambia anipe huo.

Hakuugusa. Akaniuliza, "Ni wa kumpikia nani?"

Nikamjibu kwamba mambo ya nyumbani kwangu hayamhusu.

"Nauliza kwa wema tu, kaka. Huu ni wa bwana mmoja mwenye baa, anawekea nyama choma. Kama una mzazi ndani, mimi leo sina ndizi. Zote bado. Jua limezibana na watu wanakata kabla ya wakati. Njoo Jumamosi. Nina mgomba uko karibu na mfereji, huo umeshiba maji. Nitakukatia."

Wanawake wenzake wakacheka. Mpaka leo sijui walicheka nini, inawezekana kabisa walikuwa na mambo yao. Mimi nilisikia wananicheka mimi. Mchagga mzima, wa Machame, nafundishwa ndizi na Mmeru mbele ya soko zima. Nilikuwa nimekula ndizi tangu kuzaliwa, na haikunijia kichwani kwamba siku zote hizo aliyezichagua alikuwa mama yangu. Mimi nilichokijua ni kula.

Nikaondoka mikono mitupu na Jumamosi sikurudi. Jumanne iliyofuata jamaa mmoja akapita mbele ya gereji na mkokoteni wa ndizi. Nilikuwa chini ya gari. Sikutoa hata kichwa, nilimwonyesha mikungu miwili kwa spana akaishusha. Jioni nikaifikisha nyumbani nikamwambia mama yako nimetoka Tengeru.

Wewe kesho kutwa utakuwa na watoto wa watu darasani wanakuita mwalimu, basi ngoja nikueleze ndizi ile ilikuwaje, uone mtu mzima anaweza kuwa mjinga kiasi gani. Ndizi iliyokomaa ina unene wa kujaa, zile kona zake zimelainika, ukiizungusha kwenye vidole inaviringika. Zangu zilikuwa nyembamba, zina kona kali. Zilikuwa na utomvu mwingi. Na nusu yake hata mshare hazikuwa. Mtori wake ulitoka maji upande huu na vinundu upande ule, una ukakasi unaoshika ulimi. Jirani yetu aliyekuwa akija kupika alinitazama akiwa na mwiko mkononi, akasema tu, "Hizi ndizi, baba." Nikamwambia aongeze moto.

Mama yako alikula. Siku ya kwanza alimaliza bakuli, siku ya tatu alifika nusu, halafu ikawa vijiko vichache ili nimwone anakula. Maziwa yakapungua. Wewe ukawa unalia mchana kutwa. Sisemi ni ndizi peke yake, daktari angekupa sababu zake, na mama yako alikuwa na uchovu na upweke wa mtu aliyefungiwa chumbani na mume anayerudi na uso umekunjwa. Lakini chakula kilikuwa kazi yangu, na chakula kilikuwa kibaya. Nilikuwa nasikia kilio chako tangu kona ya kwa muuza mkaa, nikawa najipa shughuli gereji ili nichelewe kufika.

Na niliendelea kununua kwa yule wa mkokoteni. Wiki tatu. Siku moja mama yako akaniuliza, kwa sauti ndogo, mbona ndizi za Tengeru mwaka huu zimekuwa hivi. Nikamjibu kwamba amedekezwa kwao, hajui kula. Neno hilo nimeishi nalo tangu siku ile, Elisante, na bado linaniuma kuliandika.

Bibi yako akafika, siku ya Alhamisi, na kuku wawili na maziwa. Alikusalimia wewe kwanza, akamsalimia mama yako, akaingia jikoni. Akaokota ndizi moja chini ya meza. Hata hakuimenya, aliigeuza tu.

"Baba Elisante, hizi umezipata wapi?"

"Tengeru, mama."

"Lini?"

"Jumanne."

Yaani nilijikamatisha mwenyewe. Kutoka hapa mpaka Himo hakuna mtu asiyejua siku za soko la Tengeru. Bibi aliirudisha ile ndizi chini ya meza. Alimtazama mama yako, na mama yako akainamisha kichwa akawa anakutengeneza shuka ambalo halikuwa na tatizo lolote. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa anafahamu tangu siku ya kwanza, na alikula zile ndizi hivyohivyo, akingoja niseme.

Asubuhi yake wakaondoka na wewe. Bibi alisimama mlangoni akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kununua vibaya kila mtu ananunua. Lakini mwanangu yuko ndani, hawezi kutoka akajionea, na wewe unamdanganya. Hilo mimi siliwezi. Siku utakayokuja na mkungu uliouchagua mwenyewe utawachukua."

Ningeweza kwenda wiki ileile. Kufika Tengeru hata saa moja haiishi, na Machame ni kwetu, njia naijua nikiwa nimelala. Nilikaa miezi sita. Nilijiambia mwanamume hapewi masharti. Gereji niliwaambia ni mila, mzazi anapumzika kwao, na wakiuliza mbona inarefuka nilikuwa nawatuma wakanitafutie nati. Chakula changu kilikuwa chapati na chai. Mama yako hakunikatia salamu. Alikuwa anazituma kwa madereva, fupifupi. Elisante amecheka. Elisante ameanza kukaa. Elisante ameota jino. Mimi nilikuwa napokea dirishani mwa basi habari za mtoto wangu mwenyewe, kama mtu anayepokea kifurushi, halafu narudi chini ya gari.

Umenipigia sasa hivi kuniuliza mkirudi mniletee nini. Nimekwambia malimau. Ukaniuliza malimau yanakuwaje yakiwa mazuri. Nimekata simu, na nakuomba radhi kwa hilo, lakini nilikuwa katikati ya maandishi haya.

Naendelea. Kilichonitoa gereji ni kitu kidogo sana. Mteja mmoja alileta gari lake, akamkalisha mtoto kwenye kiti cha mbele wakati mimi nafungua boneti. Mtoto akaipata spana yangu, akawa anaihamisha kutoka mkono huu kwenda huu, anaitazama kama fundi. Nikauliza ana umri gani. Mteja akasema miezi saba. Nikataka kusema na mimi nina wa miezi saba, nikagundua kwamba akiniuliza wangu anafanya nini, sina la kumwambia. Sikujua kama unashika vitu. Jino lako lenyewe sikujua ni la juu au la chini.

Jumatano nilikuwa Tengeru kabla jua halijapanda. Nikamkuta Mama Anaeli mahali palepale. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," ambayo mara ya kwanza sikumpa.

"Marahaba. Mzazi wako anaendeleaje?"

Alikuwa ananikumbuka. Halafu akaniambia, bila kunilaumu, huku anapanga chane zake, "Jumamosi ile nilikuwekea mpaka jioni. Nikaishia kumpa jirani."

Fikiria. Ndizi zilizomfaa mama yako zilikaa pale siku nzima zikiningoja, na mimi nilikuwa hapa Sakina na kiburi changu. Sikuwa na pa kuficha uso. Nikamwambia, "Mama, mimi sijui kuchagua. Nifundishe." Sidhani kama nilikuwa nimewahi kulitamka neno hilo, sijui, mbele ya mtu yeyote asiyekuwa fundi mkubwa.

Alinifundisha kwa Jumatano nne. Alikuwa ananipa mikungu miwili niseme upi, nikikosea ananiambia niushushe niuinue tena. Aliniambia usiuulize mkungu, uliza mgomba ulisimama wapi, umepata maji wapi, umekatwa leo au juzi. Aliniambia kiangazi kikiwa kibaya usilazimishe ndizi, mpikie mzazi kitu kingine kilicho na afya. Wale wenzake walikuwa wanacheka, na safari hii walikuwa wananicheka mimi kweli, nami nikaona kuchekwa hakuui. Jumatano ya nne nilichagua mkungu bila kumtazama usoni kwanza. Akasema, "Huo peleka."

Nilifika Machame na mkungu begani, shati limeharibika kwa utomvu. Bibi yako aliupokea mlangoni, akazungusha ndizi moja kwenye vidole, akauingiza jikoni kwanza, ndipo akanikaribisha. Mama yako akatoka na wewe. Ulikuwa mnene, safi, una meno mawili, yote ya chini. Nikanyoosha mikono.

Ukanitazama, ukafungua mdomo, ukalia mpaka ukakosa pumzi. Ukajirusha nyuma ukamgeukia babu yako, yule mgonjwa aliyekwisha kupona, ukamshika kola ya shati. Ulikuwa unamjua yeye. Ilikuchukua wiki mbili kunikubali nikushike, na usiku wa kwanza ulipolala kifuani kwangu mama yako aliniambia tu nisitikisike.

Ndiyo maana leo asubuhi nilikasirika vile. Sikuwa nakuona wewe pale kwenye nyanya. Nilikuwa naiona ile spana inatoka chini ya gari.

Sasa, Singida siijui. Nimepita na magari, nimekula kuku pale stendi, basi. Sijui mvua yao inaanza lini wala mwezi wa nane kuna nini sokoni. Mshare zikifika huko zitakuwa zimesafiri kwa lori na kuchoka, na huenda zikawa mbaya wakati wote. Usije ukamlazimishia mke wako mtori mbovu eti kwa sababu Mchagga lazima ale ndizi. Wiki yenu ya kwanza nenda sokoni mwenyewe, simu iache nyumbani. Usinunue kitu. Zunguka, salimia, waambie mke wako atajifungua mwezi wa nane na wewe hujui chochote. Sema hivyohivyo, hujui chochote, maana ni kweli. Kuna atakayekutajia bei na kuna atakayekuuliza ni wa kumpikia nani. Kaa na huyo wa pili. Siku akikwambia leo usichukue, usichukue, hata kama mkononi huna kitu kingine, na kesho yake urudi. Muulize wao mzazi wanamlisha nini. Labda atakwambia uji wa uwele, labda kuku wa kienyeji na mboga ambayo mimi sijawahi kuiona. Hepi atanuna kidogo kwa sababu ya daftari lake. Mweleze.

Na utakosea. Wewe lazima utakosea, nimekuona kwa macho yangu. Siku hiyo ingia chumbani useme, "Hepi, leo nimenunua vibaya." Usimngoje akuulize. Atakucheka, mtakula ugali na maharage, na maisha yataendelea.

Na usinipigie simu ukiwa sokoni kuniuliza fungu lipi. Najua utataka. Mimi niko Sakina, sioni kitu, na mwenye jibu atakuwa amekaa mbele yako anangoja umwamkie.

Nasikia pikapu getini, na mama yako anakwambia usikanyage maua. Barua hii nitaiweka ndani ya daftari la Hepi, kwenye ukurasa wa mtori. Akitangulia kuisoma yeye sitakasirika.

Goti la mama yako likipona tutakuja, mtoto akiwa na miezi sita, saba hivi. Nitashuka kwenye basi, nitanyoosha mikono nimchukue mjukuu wangu. Naomba anikatae. Naomba alie mpaka akose pumzi, akugeukie wewe, akushike shingo, na asikubali kabisa kukuachia. Nitasimama pale stendi na mikono yangu mitupu, na sitakuwa na hasira na mtu.

Nakupenda kuliko ninavyojua kusema bila kugomba.

Baba yako